Usiniambie ni Damu ya Nani

Friji la damu lilikuwa refu kunizidi, jeupe, lenye kutu miguuni. Umeme ukiwapo lilitumia umeme, na ukikatika tuliliwashia mafuta ya taa. Nilikabidhiwa funguo zake nilipoajiriwa pale hospitali, mwaka uliofuata mauaji ya kimbari. Aliyelitunza kabla yangu hakuwapo tena. Sikuuliza kama alikufa au alikimbia. Miaka ile hapakuwa na ofisi wala darasa ambalo halikuwa na mtu wake aliyetoweka, na watu walijifunza kutouliza. Nyuma ya mlango nilikuta koti lake la kazi limetundikwa. Lilinienea. Nililifua, nikalianika juani kutwa nzima, kisha nikalivaa.

Mimi nilizaliwa Bukavu, mtoto wa wakimbizi wa Rwanda, na kazi ya maabara niliisomea hukohuko. Watu wakiniambia "mliporudi" huwa nasita kidogo kujibu, maana nilirudi katika nchi ambayo nilikuwa nimeiona ng'ambo ya maji tu. Wazazi wangu tayari walikuwa wamezikwa Bukavu. Kaka zangu walipovuka mto hawakusimama hapa. Walipitiliza hadi Kigali, wakaoa, wakaanza maisha. Mimi nilibaki Kamembe, katika nyumba ya vyumba viwili si mbali na uwanja wa ndege, kwa sababu hospitali ilinihitaji, na kwa sababu kutoka uani kwangu niliweza kuona vilima vya Bukavu. Taa zao zikianza kuwaka nilikuwa nakisia mtaa wetu uko sehemu gani. Haikunisaidia kitu, lakini niliangalia kila jioni.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Wazazi wanaojifungua, watoto wenye malaria kali, watu walioanguka na baiskeli kwenye mteremko, wote hao huhitaji damu, na damu haitoki kwingine ila kwa mtu. Tulikwenda shuleni, makanisani, kwenye kambi ya askari, tukaomba. Kila mfuko ulipata namba badala ya jina. Halafu mimi nilikaa mezani kwangu, nikaipima.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Ukimwi, ambao sisi huku tuliuita sida, ulikuwa umeenea dunia nzima, na kwetu ulikuta watu ambao walikwisha choka kuzika. Dawa za kuurefusha uhai wa mgonjwa tulizisikia redioni kama habari za nchi nyingine. Kuambiwa unao kulikuwa sawa na kusomewa hukumu. Mfuko uliokuwa na virusi niliutoa mwenyewe na kuuchoma katika shimo nyuma ya jengo, na moshi wake ulipopanda, wagonjwa waliokaa kwenye majani waligeuza nyuso. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nachoma nini.

Tulikuwa na sheria moja, nami niliishika kuliko nilivyoshika kitu kingine chochote maishani. Majibu yalitolewa katika chumba kidogo mwishoni mwa ukumbi, mlango umefungwa, na muuguzi mshauri, kwa mwenye damu peke yake. Nje ya chumba kile mimi sikuruhusiwa kusema neno, si baya wala zuri. Wengi walidhani sheria ilikuwa kwa ajili ya habari mbaya. Lakini ukimwambia mtu mmoja njiani kwamba yuko salama, yule utakayekutana naye kesho ukanyamaza, naye umekwisha mwambia.

Kwa hiyo nilinyamaza, na mji ukaanza kuniogopa. Sokoni wanawake walipunguza sauti nikifika. Kanisani, wakati wa kupeana amani, kuna waliokuwa wakinipa ncha za vidole, macho wakiyapeleka kwenye ubao wa nyimbo. Mkate wangu wa nyumbani niliula peke yangu, na bia ya harusi za wafanyakazi wenzangu niliinywa nimekaa pembeni, maana meza niliyoikalia ilikuwa inaishiwa maneno. Sikuwalaumu. Kama ningekuwa wao, ningeniogopa pia. Nilijua ya ndani mwao ambayo wao wenyewe wengine walikuwa hawataki kuyajua.

Mtu mmoja tu hakuniogopa, jirani yangu, ambaye nilimwita Maman. Alikuwa mama wa Bukavu, mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka na vitenge na sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, akapanga nyumba ya pili kutoka kwangu ili asichelewe sokoni. Alikuwa na sauti ya kuita watu upande wa pili wa barabara. Aliingia kwangu bila kubisha, akafunua sufuria, akaniambia chumvi haitoshi. Kwake nilizungumza Kiswahili cha kwetu bila kukinyoosha, na kwa muda huo nikawa mtu wa mahali fulani.

Ndiye aliyeniletea mwalimu.

Mwalimu huyo alifundisha hesabu katika shule ya sekondari, naye alikuwa amekulia Kongo, upande wa Uvira. Maman alimkuta akinunua sambaza, akamhoji kama polisi, akaridhika. Jumapili iliyofuata alimleta kwangu kunywa chai. Alikuwa mpole, mwenye kucheka taratibu, na viatu vyake vilikuwa vimeshonwa upya kwa mkono wake mwenyewe. Alianza kuja kila Jumapili baada ya ibada. Maman alikuwa anapita mbele ya mlango akijifanya anatafuta kuku.

"Ule muntu iko muzuri," aliniambia siku moja. "Usimukalishe sana pa kiti. Bwanaume banachokaka."

Sikumkalisha. Nilikuwa nimeanza kununua sukari zaidi.

Lakini kabla hatujajuana, timu yetu ilikuwa imekwenda shuleni kwake kuchukua damu, naye alijitolea pamoja na wanafunzi wake wakubwa. Nilimpima mimi. Majibu yalikuwa yanamsubiri kwa mshauri, na yeye hakuwa amekwenda kuyachukua. Watu wengi walifanya hivyo. Walitoa damu kwa moyo mmoja, kisha wakaogopa kurudi.

Jumapili moja tulitembea kuteremka barabara ya Cyangugu hadi karibu na ziwa. Watu walikuwa wametoka makanisani, watoto wakiogelea kando ya mitumbwi. Mwalimu akauliza kama ile damu yake niliipima mimi. Nikasema ndiyo. Akasimama. Akaniangalia usoni, akingoja.

"Njoo hospitali kesho," nilimwambia. "Mshauri atakupa majibu yako."

"Wewe huwezi kuniambia?"

"Siwezi."

Damu yake ilikuwa safi. Niliijua namba ya mfuko wake kwa kichwa, kwa sababu nilikuwa nimeshairudia kuiangalia zaidi ya mara moja, jambo ambalo halikuwa la kazi. Pale kando ya barabara nilijaribu kuuacha uso wangu uonyeshe chochote, lakini nilikuwa nimeufundisha uso huo kwa muda mrefu kutobeba habari, nao haukunisikia. Nikaona kitu kinazimika machoni mwake. Tulirudi tukiongea juu ya mvua.

Kesho yake hakuja. Nilimwomba mshauri aende shuleni, akaenda zaidi ya mara moja, na kila mara akaambiwa mwalimu ametoka. Muhula ulipoisha aliomba uhamisho, akaenda Kigali. Hakuja kuniaga.

Maman alinikasirikia kwa muda. Alinikalisha chini, akataka kujua kwa nini hata kumchekea mtu nilishindwa, kicheko tu, kingetosha. Nilimweleza kuhusu yule wa kesho, ambaye sitamchekea. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Basi weye utaikaa na ile frigo yako," alisema, kisha akaona nilivyobadilika, akanikokota kwake tukale.

Baadaye kulikuja vita vya pili vya Kongo. Maman alikuwa amevuka kwenda Bukavu kuona wanawe, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Kufuli lake lilibaki mlangoni likilowa mvua. Jioni niliangalia ng'ambo, na mara nyingine taa hazikuwaka kabisa upande ule. Milio mizito ilivuka maji, na mbwa wa Kamembe wakaitikia. Nilikuwa nafika nyumbani na kukaa bila kuwasha redio. Kuna majuma niliyoyapita bila kusema neno lisilohusu kazi, na nilipokuja kusema kitu dukani sauti ilitoka imekwaruza, mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Damu ikapungua. Shule zilikuwa likizo. Kambini askari wenye afya walikuwa wamevuka mto, na waliorudi ndio walioihitaji. Gari lililotuletea vipimo na mifuko mitupu lilipita katika msitu wa Nyungwe, na miezi ile barabara ya msituni haikuwa ya kutegemea. Nilikuwa nikifungua friji asubuhi na kukuta rafu tupu zikinitazama, na kundi la O, ambalo hupewa mgonjwa yeyote, ndilo lililokuwa likiisha kwanza.

Asubuhi moja ya mvua wanaume wanne walifika wamebeba mgonjwa kwenye ingobyi, ile machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa mabegani. Walitoka mlima mmoja wa upande wa Gitambi. Ndani alikuwamo mwanamke wa umri wangu hivi, na juu ya kifua chake, ndani ya kanga, mtoto mchanga aliyezaliwa alfajiri ileile. Mtoto alikuwa mzima. Kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na mama alikuwa amevuja damu njia nzima.

Daktari alimhudumia mara moja, kondo likatoka na damu ikakoma. Lakini aliyobaki nayo mwilini haikumtosha. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Nilimpima kundi, likawa O, na mwenye O hawezi kupokea ila ya O mwenzake, na kwenye friji sikuwa nayo.

Nikatoka nje kwa wale wanaume. Walikuwa wamechuchumaa chini ya upenu, kofia mikononi, maji yakiwadondoka. Niliwaambia ukweli, kwamba mgonjwa wao anahitaji damu na sisi hatuna. Hawakuangaliana. Walisimama wote wanne pamoja, kama waliokuwa wakisubiri kuambiwa. Niliwapima. Mmoja tu alilingana naye, mtu mzima mwenye mvi, mpole wa sauti, na damu yake ilikuwa safi. Muuguzi akamtoa damu. Mfuko ulikuwa mezani kwangu bado una joto la mwili wake nilipokwenda wodini kumwambia mgonjwa kwamba damu imepatikana.

Alinyanyua macho. Aliuliza kwa Kinyarwanda, polepole, ni ya nani.

Nikamwambia imepimwa, ni salama.

"Sikuuliza kama ni salama," alisema. "Ni ya mmoja wa wale walionileta?"

Sheria yangu ilikuwa ileile. Nikanyamaza. Akafumba macho, na nikajua kwamba safari hii kunyamaza kwangu kulikuwa ni kujibu.

Alichonieleza nakisimulia kwa ufupi, kama alivyokieleza yeye, bila kulia. Wakati wa mauaji mume wake wa kwanza na watoto wake wote waliuawa mlimani kwao. Ndugu za wale waliombeba walikuwamo katika kundi lililokuja nyumbani. Wao wenyewe hakuwaona siku ile, na hakuna aliyewahi kuwashtaki. Alikuwa ameolewa tena, na askari, ambaye sasa alikuwa Kongo vitani. Uchungu ulipomshika hapakuwa na mwingine wa kumbeba.

"Wamenibeba kwenye mabega yao, na nimewashukuru," alisema. "Lakini siwezi kuibeba damu yao ndani yangu. Niache hivi."

Nilirudi kwa daktari, nikamwambia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wodi nzima, na alikuwa hajalala. Alisema damu ipo, mgonjwa anakufa, atundikiwe. Nikasema hataki. Akauliza ninapendekeza nini, na kabla sijafikiri nikasikia nimesema kwamba mimi pia ni O.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu. Wakati wakimbizi walipokuwa wanarudi kutoka Kongo kwa maelfu, na sisi tunafanya kazi tumesimama tangu asubuhi, nilijichoma kidole na sindano iliyotoka kwa mgonjwa. Mgonjwa yule alifariki baadaye, na kila mmoja wetu alijua kwa nini. Tangu siku hiyo sikujipima. Nilikuwa na vipimo mkononi kila siku, niliwapima wanafunzi, mapadri, askari, wachuuzi wa samaki, na kila siku nilijiambia wiki ijayo.

Nilikwenda kwanza kwa yule mwanamke. Nilimwuliza kama atapokea ya kwangu.

Akauliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia nimekulia Bukavu. Akauliza kama nina watu. Nikasema nina kaka Kigali, hapa sina.

"Basi nitaipokea," alisema.

Nilimwambia inabidi nipimwe kwanza, na kwamba huenda mfuko mmoja usitoshe. Alimgeukia mtoto, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi. Alimtazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

"Kama haitoshi, nipe yoyote iliyopo," alisema. "Lakini usiniambie ni damu ya nani. Usiniambie kamwe, hata nikija kukuuliza."

Nikamwahidi.

Nilijifungia maabara. Muuguzi alikuwa amenichoma kidole na kuondoka, akaniacha na kipimo juu ya meza. Kilikuwa kibao kidogo chenye nafasi za vidoti viwili. Cha kwanza hutokea daima, kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Cha pili kikitokea ndiyo habari mbaya. Nilikuwa nimekaa mbele ya vibao kama hivyo miaka, nikisubiri huku nikinoa penseli, nikila ndizi, nikifikiria mambo ya nyumbani kwangu. Sasa sikuweza kukitazama. Niligeuza kiti, nikaangalia dirishani, mvua ikipiga kwenye migomba. Nikamfikiria mwalimu. Nilifikiria alivyosimama barabarani akiniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kitu nilichokuwa nimemwomba avumilie. Nikawaza pia nani angenipeleka mimi katika kile chumba kidogo na kufunga mlango. Mshauri alikuwa likizo. Hapakuwa na mwingine. Ningejiambia mwenyewe.

Kidoti kilikuwa kimoja. Nilisubiri zaidi ya muda uliowekwa, kikabaki kimoja.

Sikufurahi kama nilivyotegemea. Nilisikia baridi tu, nikatafuta sweta, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nilijilaza kwenye kitanda cha wachangiaji. Mlango ulikuwa wazi nusu, na yule mzee wa mvi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kikombe cha chai tulichompa, aliniona nikifungwa mpira mkononi. Aliona mfuko ukijaa. Alikuwa ameweka kikombe chini. Mfuko wangu ulipopelekwa wodini ukapita mbele yake, aliufuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

Nilipoweza kusimama nilitoka kwake. Aliinuka kwenye benchi.

"Dokta," aliniita hivyo, ingawa sikuwa dokta, "damu yangu ilikuwa na ugonjwa?"

Mshauri hakuwapo, na mwenye damu alikuwa mbele yangu ananiuliza. Nilimpeleka mwenyewe kwenye chumba kidogo, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba damu yake ni safi, hana ugonjwa wowote kati ya tuliyopima. Aliweka kofia juu ya magoti. Nilimwona akitafuta sababu nyingine, na nilimwona anaipata. Hakuniuliza tena. Alisema tu kwamba kama itamfaa mtu mwingine, nisiimwage.

"Haitamwagwa," nilisema.

Alasiri mgonjwa alianza kuvuja tena. Daktari alimrudia, akaizuia, lakini mwanamke alikuwa amepoteza fahamu na mapigo yake yalikuwa yakikimbia. Muuguzi alikuja mlangoni kwangu akasema kwa haraka kwamba daktari anataka mfuko mwingine. Katika friji ulikuwamo mmoja. Niliutoa, nikaulinganisha na damu ya mgonjwa kama inavyotakiwa, nikaandika namba, nikampa. Yeye aliona namba. Daktari naye aliona namba, na hakuuliza zaidi. Kwake ilikuwa damu ya O, imepimwa, basi. Niliufuata mfuko hadi wodini, nikasimama kando ya kitanda matone yakishuka, mpaka midomo yake ilipoanza kurudiwa na rangi. Mtoto alikuwa analia katika kitanda cha pili. Nikambeba.

Aliamka asubuhi. Aliomba uji. Hakuuliza lolote.

Wale wanaume walirudi siku ya kumchukua. Jua lilikuwa limetoka, njia imekauka. Walipokuwa wakimlaza kwenye ingobyi, yule mzee alinisogelea kando ya ukuta, akauliza kwa sauti ya chini kama ile damu yake ilipata mwenyewe.

Nilifikiri sana kabla ya kujibu. Nikaona kwamba naweza kusema neno moja la kweli bila kumsaliti mtu.

"Ilipata."

Akatikisa kichwa. Alikwenda akashika mti wa mbele upande wa kulia, akauweka begani, na wenzake wakanyanyua. Mwanamke alilala ndani akiwa amemkumbatia mtoto, uso umeelekea juu, kivuli cha bega la yule mzee kikimpita usoni kila walipopiga hatua. Nilisimama langoni mpaka walipopinda kona. Katika watu wote pale, wale waliobeba na aliyebebwa, daktari, wauguzi, aliyejua kwa hakika kilichokuwa kinakwenda mlimani ndani ya ile machela nilikuwa mimi tu. Nilirudi ndani kupanga mirija, na nilikaa muda mrefu bila kupanga chochote.

Mpaka ulipofunguliwa Maman alirudi, amekonda, na jambo la kwanza alilofanya ni kufunua sufuria yangu. Jambo la pili lilikuwa kunipa habari kwamba mwalimu alikuwa anaoa Kigali. Huko mapadri walikuwa hawafungishi ndoa bila wachumba kupimwa damu, naye alipimwa, akawa mzima. Maman aliihesabu habari hiyo kichwani.

"Kumbe weye ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

Alinivuta kichwa akakilaza kwenye bega lake, lililokuwa linanuka sambaza, na nikalia hapo kama mtoto, kwa ajili ya mwalimu, na kwa jambo jingine ambalo hata yeye sikuweza kumwambia.

Mwanamke wa mlimani alikuwa anakuja mjini kwa chanjo za mtoto, baadaye kwa soko. Kila mara alipita kukaa nami kwenye benchi la nje. Alinipa viazi vitamu, nami nikamtengenezea chai. Hakuniogopa. Tuliongea juu ya maharage, juu ya mtoto kuota meno, juu ya mume wake ambaye alirudi na mguu mbaya. Siku moja aliniangalia muda mrefu, na nikajua swali lilikuwa limemfika mdomoni. Akasema mvua mwaka huu imechelewa.

Mara nyingine alitaja, kwa mkato, kwamba yule jirani wa mvi alikuja na mabati mawili ya zamani kuziba paa lake lililotoboka, na kwamba alimwacha aingie uani. Wakati mwingine alisema alimpelekea mke wa mzee huyo mboga. Nilikoroga chai. Nilitaka sana kusema. Miaka mingi nilitaka.

Naandika leo kwa sababu wote wawili hawapo tena, na kwa sababu sijataja mlima wala jina. Mzee alitangulia.

Siku mbili baadaye mwanamke alikuja hospitali bila kikapu. Haikuwa siku ya soko. Alikaa kwenye benchi akashika magoti yake, akasema yule mzee wa kwao amefariki juzi, wamemzika jana, naye alikwenda mazishini. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwambia kwamba mzee yule namkumbuka, wala kwamba tuliwahi kuzungumza. Hakuwa na sababu ya kupanda baiskeli ya kukodi kutoka kule hadi Kamembe kunipa mimi habari hiyo.

"Nimeona nikwambie," alisema.

Nikampa pole. Aliipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama inavyopokewa na mfiwa. Kisha aliomba maji, akanywa, akaniuliza kama nina vitunguu, maana alitaka kuondoka kabla ya mvua.